Picha ya Albamu Tu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanaonikera kuliko wote ni wale wanaofanya jambo kisha wanasema hawakujua. Kwa hiyo nisije nikasema sikujua. Nilijua. Picha ilikuwa mkononi mwangu, nikaigeuza nyuma, nikasoma yaliyoandikwa, kisha nikaigeuza tena mbele.

Ilikuwa mwaka tisini na sita, hapa Kibiti. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na stendi, na jina langu ni Tamimu. Hewani niliitwa Fundi Tamimu wa Kibiti. Siku zile jina la hewani lilikuwa na heshima yake, maana ulikuwa wakati wa kadi za salamu. Unanunua kadi dukani, unaandika majina ya watu unaowasalimu pamoja na ujumbe mmoja, unaitia posta, na baada ya wiki mbili tatu mtangazaji anaisoma. Jina lako linatamkwa mara moja na linasikika Kigoma, Lindi na Unguja. Hujatoka kibandani kwako, tayari unajulikana nchi nzima.

Tukajuana hivyo, watu ambao hatukupata kuonana. Mtu anakusalimu leo, kesho unamrudishia, mwezi ujao mnaandikiana barua, mwisho mnapelekeana picha. Nilikuwa na albamu nzito yenye jalada jekundu, na nyuma ya kila picha kulikuwa na jina na mji. Kondo wa Mbwera, huko deltani, mvuvi wa kamba, kapiga picha amevaa miwani ya jua ya kuazima. Nasra wa Tanga, mshonaji, na cherehani yake pembeni. Sikuwahi kumpa mkono hata mmoja wao. Lakini niliwaita marafiki, na sikuwa nadanganya.

Katika albamu hiyo alikuwamo Mwanawetu wa Mtunda. Yeye na mumewe, Bwanaheri, salamu zao zilisomwa pamoja, jina la mume kwanza na la mke likifuata. Bwanaheri alikuwa mkulima wa mpunga, na shamba likipumzika alikwenda deltani kukata boriti za mikoko. Ndiye aliyeandika barua zote. Alikuwa akiniita ndugu, nami mkewe nikamwita shemeji, ingawa Mtunda si mbali na nilikuwa sijafika kwao hata siku moja. Ilikuwa nusu siku kwa baiskeli, na mimi kila mara nilikuwa na redio ya mtu iliyofunguliwa mezani.

Picha yenyewe ilipigwa studio siku ya Idi. Mwanawetu amekaa kwenye kiti cha kusukwa, ushungi wa zambarau, wanja, herini za dhahabu, na anacheka. Si kile kicheko cha kuamrishwa na mpiga picha. Anacheka na mtu, na macho yake yanatazama pembeni kidogo ya kamera. Nyuma, kwa kalamu ya wino wa buluu, Bwanaheri alikuwa ameandika: "Shemeji yako huyu. Ya albamu tu, isitoke. Nimemwahidi. B."

Sasa nieleze ilivyotoka.

Mwaka wa nyuma yake tulikuwa na uchaguzi wa vyama vingi, wa kwanza kwa wengi wetu, na kwa mara ya kwanza tuliona sura za watu zimebandikwa juu ya kila kitu. Fulana, kofia, kanga, mpaka viberiti. Uchaguzi ukaisha, fulana zikabaki zinalimiwa mashambani, lakini ile hamu ya kuuza sura za watu haikuisha. Duka la ushirika lilikwisha kufungwa, na kila aliyekuwa na meza mbele ya nyumba aliitwa mfanyabiashara. Nami nikapata wazo langu, na nikajiona nina akili kuliko Kibiti nzima: kalenda. Karatasi moja kubwa ya mwaka tisini na saba, juu uso mmoja mkubwa, chini yake sura kumi na moja ndogo na miezi, zote za watuma salamu ambao watu wanawasikia kila siku na hawajawahi kuwaona. Nani asingenunua?

Adabu nilikuwa nayo, angalau mwanzoni. Niliandika barua kumi na mbili za kuomba ruhusa. Kondo akajibu upesi: niweke, tena niweke kubwa. Nasra wa Tanga akakataa kwa mistari miwili, nami nikamtoa bila kinyongo na nikamwomba mwingine. Kwa hiyo nilijua kuomba, na nilijua kukataliwa. Barua ya picha ya Mwanawetu nilimwandikia mumewe, maana ndivyo tulivyofundishwa: mke wa mtu humwandikii, unaandika kwa mwenye mke. Nilimaliza hivi: "Nisipopata jibu hadi mwisho wa Oktoba, nitajua umeridhia."

Oktoba ikaisha. Jibu halikuja.

Nilimsomea mke wangu, Rukaya, majibu yote jioni moja akichagua mchele ukumbini, nikafika kwenye lile ambalo halipo.

"Huyu wa Mtunda hajajibu," nikamwambia. "Lakini si neno. Mwali akiulizwa kama ameridhia kuolewa, akinyamaza, shehe si anafunga ndoa?"

Rukaya hakuinua uso kwenye ungo. "Mwali ananyamaza mbele ya watu wanaomwona, Baba Yasmini. Ndugu zake wako pale, wanajua kama anaona haya au analia. Weye huyo umemwona wapi?"

"Nimemwona kwenye picha."

"Haya," akasema, na nikajua maana ya haya yake. Sikuitaka maana hiyo, nikaondoka.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo rafiki wa kweli angeliona. Kadi za Bwanaheri na Mwanawetu zilikuwa hazisomwi tena tangu mwezi wa tisa. Mimi niliyejisifu kuwajua watu kwa sauti ya mtangazaji sikushtuka. Nilisema wamebanwa na shamba.

Nikaipeleka kazi Dar es Salaam kwa mpiga chapa. Alipouliza uso gani ukae juu, sikufikiri mara mbili. Hakukuwa na picha nzuri kuliko ile. Chini yake nikamwambia aandike kwa herufi nene, kama tulivyozoea kusikia redioni: "Mwanawetu wa Mtunda anawasalimu nyote."

Kalenda zilifika mwanzoni mwa Desemba na zikaenda kama maandazi ya asubuhi. Zilining'inia hotelini, saluni, kwa wauza nyama, kwenye maduka ya Bungu, mpaka Ikwiriri. Nilikuwa napita barabarani naitazama kazi yangu kwenye kuta za watu, na shingo imesimama.

Siku ya nane au ya tisa, asubuhi, mtu mmoja aliingia kibandani. Alikuwa mtu wa makamo, kanzu imejaa vumbi la baiskeli. Alitoa kalenda iliyokunjwa chini ya kwapa, akaikunjua juu ya meza yangu, juu ya vipuri na waya, akaweka kiganja pembeni isijikunje tena. Kona moja ya karatasi ilikuwa na doa la kitu kilichomwagika.

"Weye ndiye Fundi Tamimu?"

"Ndiye mie. Karibu."

"Sikuja kukaa. Naitwa Abdalah, natoka Mtunda. Picha hii umeitoa wapi?"

Nikadhani ni mteja mwenye udadisi, nikatabasamu. "Huyu ni shemeji yangu. Alinipa mumewe mwenyewe, Bwanaheri."

"Bwanaheri ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja," akasema. "Tumemzika mwezi wa tisa."

Nilikaa. Sikumbuki kukaa, nakumbuka kwamba nilikuwa nimekaa. Abdalah akaendelea kwa sauti ile ile, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo njia nzima.

"Alitoka deltani na homa, hakumaliza wiki. Mkewe yuko eda. Amevua dhahabu, hatii wanja, hajipaki hata mafuta ya harufu. Uani anatoka kwa kujifunika. Mwezi wa tatu huu hakuna mwanamume wa nje aliyemwona. Juzi nimekwenda Ikwiriri kutafuta mbegu, wakanicheka watu. Wakanipeleka nikaone. Nimemkuta shemeji yangu ukutani kilabuni, juu ya mapipa ya pombe, kajipamba, anacheka, anawasalimu walevi wote. Hii hapa nimeibandua mwenyewe."

"Wallahi sikujua kama amefariki."

"Hilo ndilo unalolijibu?"

Akanieleza lililompandisha baiskeli. Kalenda ilikwisha kufika Mtunda kabla yake. Wazee wa ukoo waliitazama wakasema ni picha mpya, ya mwaka mpya, mwaka umeandikwa pale. Wakasema mjane aliyepoteza mume hacheki hivyo. Wakasema kama alikuwa na lake na fundi redio wa Kibiti tangu mumewe yu hai, basi eda anayokaa ni ya kuwadanganya. Mkubwa wao, Mzee Fikirini, alitaka arudishwe kwao Dimani mara moja, na binti yake wa miaka sita abaki kwa baba zake wadogo. Kikao kilikuwa Jumamosi.

Kwa asiyejua, nieleze. Mjane wa kwetu anakaa eda miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mumewe. Ndiyo heshima ya mwisho anayompa, na ndiyo heshima anayopewa yeye. Kumtoa katikati, mchana, watu wakimtazama, ni kumwambia ulimwengu kwamba hakuwa mke. Hakuna atakayemwoa tena, wala atakayemwamini kwa jambo lolote. Na mtoto atakua akisimuliwa kwa nini mama yake hayupo.

"Mimi nasema kaka yangu ndiye aliyekupa," Abdalah akasema. "Nasema hivyo kila siku, naonekana mjinga. Kama una kitu cha kuonyesha kwamba ni yeye, njoo nacho Jumamosi. Kama huna, usije kabisa. Ukija mikono mitupu utamharibia zaidi."

Nikamwambia nitatafuta. Nitatafuta! Albamu ilikuwa nyuma ya mgongo wangu, rafu ya pili, na picha ilikwisha kurudi kutoka kwa mpiga chapa. Nilichokuwa nacho nilikijua neno kwa neno. Nilimwacha mtu aliyefiwa na kaka akaendesha baiskeli hadi Mtunda bila kumwambia, kwa sababu nyuma ya picha ile kulikuwa na mstari wa kumwokoa Mwanawetu na mstari wa kunifedhehesha mimi, na yote miwili ilikuwa ya mkono mmoja.

"Shemeji yako huyu." Hayo yalitosha kumsafisha. Ni mume ndiye anayesema. "Ya albamu tu, isitoke." Hayo yalikuwa yangu.

Nilifunga kibanda mapema, nikaenda nyumbani, nikakaa ukumbini na picha kwenye paja. Nina wembe wa kazi, mwembamba, wa kukwangulia kutu kwenye vyuma vidogo. Karatasi ya picha ni ngumu nyuma, wino wa kalamu unakaa juu juu. Fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kuondoa mstari mmoja na kuacha mwingine, na mimi mkono wangu wanaujua watu. Nilianza na nukta ya mwisho, kujaribu tu. Ilitoka vizuri.

Rukaya aliingia na chai. Alitazama wembe, akatazama picha, akaweka kikombe chini. Nilimsomea. Nilimweleza na kikao. Nilisema nitakuwa nimemsaidia mwanamke, na hilo si ndilo linalotakiwa? Mstari wa pili utamfaa nani?

"Utamfaa mwenyewe," Rukaya akasema.

"Vipi?"

"Mumewe alimwahidi kitu. Akafa. Sasa yule mama amekaa chumbani anajua picha yake iko kilabuni. Unadhani anamuwaza nani? Anakuwaza weye, asiyekujua? Anamuwaza mumewe. Anajiuliza kama ahadi ilikuwa ya mdomo tu." Akanyoosha mkono, akauchukua wembe vidoleni mwangu taratibu kama anavyomnyang'anya mtoto. "Hayo ni maneno ya marehemu, Baba Yasmini. Huna ruhusa nayo. Hayo nayo unataka kuyauza?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia hajui biashara, hajui fedheha ya mwanamume mbele ya kikao, nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika. Akachukua kikombe chake akaenda kunywea jikoni. Nikabaki na picha, na pale penye nukta palikuwa na kovu jeupe dogo. Nikaona aibu, aibu hasa.

Jumamosi nilifika Mtunda kabla ya adhuhuri. Nyuma ya baiskeli nilifunga kalenda zote zilizobaki kibandani. Kikao kilikuwa barazani kwa marehemu, wanaume saba juu ya mikeka, na Abdalah alikaa ukingoni kama mtu asiye na haki ya kusema. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nilijua nyuma ya pazia lile, chumba cha ndani, kuna mtu anasikia.

Salamu zangu ziliitikiwa kwa sababu salamu lazima iitikiwe. Mzee Fikirini alikuwa mtu mnene mwenye macho mekundu, na hakunizungusha.

"Umekuja kumtetea?"

"Nimekuja na picha, mzee. Ile yenyewe."

Nikampa Abdalah, maana yeye aliujua mwandiko. Aliitazama mbele muda mrefu. Kisha akaigeuza.

"Ni yeye," akasema. "Hii herufi be ni yake. Alikuwa anaitia mkia, mwalimu alimchapa kwa ajili ya mkia huu."

"Soma," akasema Mzee Fikirini.

Abdalah akatikisa kichwa. Akanirudishia. Basi nikasoma mimi, kwa sauti, ili ifike nyuma ya pazia. Shemeji yako huyu. Ya albamu tu, isitoke. Nimemwahidi.

Ndani, nyuma ya pazia, nilisikia kitu cha bati kikianguka sakafuni na hakuna aliyekiokota.

"Kwa hiyo uliambiwa," Mzee Fikirini akasema.

"Niliambiwa."

"Uliomba ruhusa nyingine?"

"Niliandika barua."

"Ukajibiwa?"

"Hapana."

"Basi ruhusa uliipata wapi?"

"Nilijipa mwenyewe, mzee."

Nilitegemea matusi. Mtu mmoja aliguna, mwingine akatema mate pembeni, lakini Mzee Fikirini aliinamisha kichwa akawa anachezea ukingo wa mkeka. Kisha akainuka, kwa tabu, akaenda mpaka mlangoni, akasimama upande wa nje wa pazia.

"Mwanawetu, mwanangu," akasema. "Umesikia. Tumekudhania vibaya, na aliyeanza ni mimi. Kaa kwa mumeo mpaka eda yako iishe, na ikiisha, kaa na mwanao. Hakuna atakayekugusa."

Kutoka ndani, sauti ya mwanamke mzee ikaitikia kwa niaba yake. Ilikuwa ya Bibi Tabu, mama wa marehemu. Alisema tu, "Amesikia."

Mimi nikaambiwa adhabu yangu, na ilikuwa ya haki: niende kila mahali nilikouza, niibandue kila kalenda kwa mkono wangu mwenyewe, na kila mahali niseme kwa nini. Nikakubali, na zile kalenda nilizokuja nazo nikawakabidhi hapo hapo. Kisha nikaomba niruhusiwe kumtaka radhi mwenye picha. Wakashauriana. Mzee Fikirini akasema naweza kusimama ukumbini, mlango wa chumba ufungwe, na Bibi Tabu awe ndani pamoja naye.

Ukumbi ulikuwa na giza na ubaridi wa sakafu iliyomwagiwa maji. Nilisimama mbele ya mlango wa mbao. Nilizijua salamu za mwanamke huyu kwa miaka minne na uso wake niliutundika kwenye kuta za wilaya nzima, lakini sauti yake nilikuwa sijaisikia. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

"Fundi Tamimu."

"Naam, shemeji."

"Barua yako ilifika. Ililetwa siku ya kumi na tatu ya msiba."

Mlango ukafunguliwa kidogo, mkono wa Bibi Tabu ukatoka na bahasha. Nikaipokea. Mwandiko wangu mzuri, wa kujionyesha: Kwa Ndugu Bwanaheri, Mtunda. Ilikuwa imefungwa. Gundi haikuguswa.

"Sikuifungua," Mwanawetu akasema. "Barua ya mume wangu sikuwa nafungua akiwa hai, sikuona kwa nini nianze sasa. Imeandikwa nini?"

Nilitaka kusema nitaisoma nyumbani. Nilitaka kusema si kitu. "Nilimwomba ruhusa ya kuitumia picha yako."

"Ulimwomba yeye."

"Ndiyo."

"Na mimi uliniomba lini?"

Nilitazama ile bahasha. Nilikuwa nimetafuta kosa langu kila mahali, kwenye mstari wa nyuma, kwenye wembe, kwenye jibu lisilokuja, na hapo sikuwa nimepita kabisa. Sikumwomba. Hata ningejibiwa kwa ndiyo, ingekuwa ndiyo ya mtu mwingine.

"Sikukuomba," nikasema.

"Nirudishie picha. Uso uchukue wewe na wenzio, mmekwisha kuuchukua. Mimi nataka mwandiko."

Nikampa Bibi Tabu picha, mlango ukafungwa. Nikasikia karatasi ikigeuzwa. Halafu akasema, na sasa hakuwa akisema na mimi, "Siku hiyo alisimama nyuma ya mpiga picha, kavaa kofia yake kinyume, ananifanyia vituko mpaka mpiga picha akamfukuza." Akaanza kulia, na Bibi Tabu akalia naye, mama kwa mwanawe na mke kwa mumewe, na mimi niliyewafanya walie nilikuwa nimesimama upande wa pili wa mbao na machozi yananichuruzika hadi kwenye kola, sikuthubutu hata kupenga kamasi.

Walipotulia, nikasema nililokuja kulisema.

"Nisamehe, shemeji. Niliyoyafanya nimeyafanya kwa kujua. Naomba unisamehe."

Hakujibu.

Nikangoja. Uani kuku walikuwa wakipekua majani, na barazani wanaume walianza kuzungumza habari za mvua. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe mlango ukafunguliwa, Bibi Tabu akatoka, akaurudisha nyuma yake. Alinitazama bila ukali.

"Amenyamaza, mwanangu."

"Nimesikia, bibi."

"Basi nenda. Njia ni ndefu."

Nikapanda baiskeli na bahasha mfukoni. Hoteli ya kwanza barabarani niliingia, nikabandua kalenda, na mwenye hoteli alipouliza kulikoni nikamweleza, mbele ya wateja wake, kuanzia mwanzo. Wawili walicheka. Dukani mbele yake nikaeleza tena, na kwa muuza nyama, na kila mahali mpaka jua likaelekea kuzama, na haikuwa rahisi hata pale pa mwisho.

Rukaya alikuwa ameniwekea maji ya kuoga. Aliziona karatasi nilizozibandua, zimechanika pembe, akazipokea bila kuuliza zilikuwa ngapi. Aliuliza moja tu, kama nimesamehewa.

Nikamwambia sijajibiwa.